Mguu Uliobaki Nje ya Blanketi

Mkinicheka nitavumilia, kwa sababu aibu yenyewe imeshanila vya kutosha, na tangu siku ile nikipita hapa Kisian nainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha funguo.

Mimi ndiye katibu wa kanisa letu (dogo, la mabati, mnalijua), na Mwanzilishi wetu alifariki zamani bila kuacha hata picha. Kilichobaki ni kijitabu walichoandika watu waliokula naye, na hao wazee, jamani, waliandika kila kitu. Maono yake yamo, sawa, lakini pia yamo kwamba alikuwa anaogopa bata, kwamba hakula kichwa cha samaki kwa sababu kinamtazama, kwamba aliimba akikata kucha, na kwamba alilala mguu mmoja nje ya blanketi ili Mungu akimwita usiku asichelewe kutoka.

Kila mwaka siku ya kumkumbuka tunasoma hayo, na Dani Truphosa (dani kwetu ni nyanya), binti yake pekee, ambaye alikuwa bado ananyonya wakati baba yake alipokufa na sasa ni nyanya yetu sote na haoni, anasimama ameshika benchi, na kila jambo likisomwa anajibu, "Huyo ndiye baba." Watu wanacheka kidogo, tunaendelea.

Sasa mwaka huu tulialika wachungaji wa makanisa makubwa ya mjini, na mimi na kiherehere changu nikaona aibu. Bata, kweli, mbele ya watu wa suti? Nikapeleka kijitabu Kisumu kichapishwe upya, nikatoa ukurasa ule wote, nikaweka "alikuwa mtu wa maombi na upendo," halafu nikakusanya nakala chache za zamani zilizokuwa zimebaki, zimeliwa na mchwa, nikazichoma, maana kwetu karatasi yenye jina la Mungu haitupwi (na nilizichoma nikisoma zaburi kabisa, nikijipongeza).

Siku yenyewe nikasoma vizuri, wageni wanaitikia kwa vichwa, nikafika pale pa maombi na upendo, nikapita. Dani alikuwa ameshasimama. Nikasoma ukurasa uliofuata, yeye bado amesimama tu, ameshika benchi.

"Nyathina," akasema polepole, "mtoto wangu, huyo unayemsoma ni nani?"

"Ni Mwanzilishi, Dani."

"Huyo simjui. Baba yangu umempeleka wapi?"

Hapo ningekiri tu yaishe, lakini mdomo wangu nao haujui kunyamaza, nikafungua ukurasa nikajifanya nasoma kumbe natunga. "Alikuwa... alikuwa anaogopa kuku."

"Bata," wakasema kina mama kwa pamoja, na mgeni mmoja akaficha kicheko kwenye leso. Nikasema hakula mkia wa samaki, wakasema kichwa, nikasema aliimba akinyoa ndevu, mzee mmoja akauliza kama huyu anasoma ama anaota. Mchungaji wetu akaja akachukua kijitabu mkononi mwangu, akageuza kurasa, akageuza tena, akaniangalia. "Cha zamani kiko wapi?"

Nikasema. Mwanaume mzima akilia mbele ya wageni mnajua anavyokaa, sielezi.

Basi tukajipa moyo kwamba si tumeyasikia kila mwaka, tutayaandika upya. Kina mama wakamkalisha Dani wakaanza kumrudishia baba yake kidogo kidogo, bata, samaki, kucha, naye anajibu, mpaka tukafika kwa blanketi.

"Mguu upi?" akauliza.

Kwa kitabu ulikuwa umeandikwa. Wengine wakasema wa kulia, wengine wa kushoto, wakabishana mpaka chakula kikapoa, kwa sababu sote tulikuwa tunasikia na hakuna aliyekuwa anasikiliza, na Dani mwenyewe, uzee umeshamnyang'anya mengi, akabaki anatikisa kichwa.

Mimi maiti ya mtu sitaiosha tena ili iwapendeze wageni, hilo nimeapa, lakini kiapo hakirudishi karatasi. Kila Jumapili ananishika mkono mlangoni ananiuliza, "Umekumbuka?" Namwambia bado, Dani. Mjukuu anayemtunza ameniambia kwamba siku hizi analala miguu yote miwili nje, asije akakosea, na asubuhi inakuwa baridi sana.