Usibishe Mpaka Uone Kitambaa

Wiki iliyopita nilitoa mbuzi ya kukunia nazi stoo, nikaiweka katikati ya ua, nikamkalisha mwanangu juu yake. Nyumba yangu hii ya Mtanda ina jiko la gesi na mashine ya kusagia nazi, kwa hiyo mbuzi ile ilikuwa haijafanya kazi kwa miaka. Nikampa mchi wa kinu aushike kama usukani, nikafunga upande wa kanga kwenye kamba ya kuanikia nguo uwe tanga, nikaanza kumfundisha. Jumamosi hii ana mashindano yake makubwa ya kwanza ya dingi, zile boti ndogo za tanga moja, mtoto mmoja kila boti. Ana miaka kumi na mmoja. Tukiwa katikati ya somo nikasikia mdomo wangu ukisema, "Usibishe mpaka nikwambie."

Yeye akabaki ananitazama, akisubiri. Mimi nikaenda kukaa barazani, kwa sababu maneno yale hayakuwa yangu.

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kukalishwa na neno. Nilitoka mji huu na begi moja, nikarudi na stashahada ya ufundi wa injini za majini, mwanamke peke yangu darasani. Imetundikwa sebuleni, anayetaka kuisoma aje, nitampa na chai. Boti kadhaa zinazovuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, zinawaka kwa sababu ya mikono hii. Nyumba nimejenga mwenyewe, hakuna mume wala mjomba aliyenichangia tofali. Lakini siku ile neno moja lilinikalisha, na ili ulielewe itabidi nikurudishe uani kwa bibi yangu, mwaka ambao na mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Ua ule ulinuka vitu viwili. Ndani ni ming'oko, ile mizizi ya porini, ikichemka, maana bibi hakuona asubuhi imekamilika bila ming'oko na chai ya mchaichai. Nje ni moshi wa korosho. Jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, alikuwa akibangua korosho karibu na ufuko, akizikaanga kwenye bati lililotobolewa, na moshi wake mchungu uliingia hadi kwenye mito ya kulalia. Tuliulalamikia moshi ule, lakini mji mzima uliutumia. Ukitaka kujua upepo umekaaje, hukulamba kidole. Ulitazama kwa jirani.

Baba sikumjua. Mama alikuwa ameolewa Rondo. Aliyenilea pamoja na bibi ni mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akishona matanga ya vyombo katika chumba cha mbele. Mlangoni aliandika kwa chaki: FUNDI WA MATANGA. Wapita njia hawakuacha kumtania. Walisimama wakauliza, matanga yapi, ya baharini au ya msibani? Mjomba hakuinua macho kwenye cherehani. Aliwajibu kuwa mshonaji ni mmoja, walete kitambaa tu. Watu walicheka, na bibi alinung'unika kuwa mzaha mwingine hauzungumzwi mlangoni.

Zile dingi zilikuja na wafadhili, nne, za faiba nyeupe, zikagawiwa shule. Mwalimu wetu alinichagua kwa kuwa mjomba alikuwa amenizoeza bahari tangu sijaota meno ya ukubwani. Wavulana wa darasani, ambao wajomba zao walikuwa Dar na kuwaletea maneno ya Dar, ambako dingi ni baba, walipata la kunisimanga. "Leo na wewe umepata dingi," walinambia kila nikipita. Nilipomhadithia mjomba alicheka hadi akasimamisha cherehani, akanifundisha jibu: "Wangu nikimgeuza anageuka. Wako je?" Sikuwajibu hata siku moja. Sikuwa mtoto wa kujibu.

Hapo ndipo penyewe. Nyumba ile haikuwa na kosa kubwa kama ubishi. Bibi alikuwa na methali moja ya kutosha maisha yote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na aliisema hata akinituma chumvi. Nakumbuka siku aliyotia chumvi mara mbili kwenye mbaazi za nazi. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa pale pale nikichambua mchele, nikaona mkono unaingia kwenye kopo mara ya pili, nikainamisha kichwa. Usiku tulikula mbaazi zile tukizisukuma kwa maji. Mjomba alipogundua kuwa nilikuwa nimeona na sikusema, hakukasirika. Aliniweka mkono kichwani akasema huyu ndiye nahodha ninayemtaka.

Basi akaanza kuniandaa. Kila jioni baada ya kufua na kuchota maji alinikalisha kwenye mbuzi ile ile niliyokwambia, mchi mkononi, kanga kwenye kamba, yeye akiivuta huku na huku kama upepo. Kwa msomaji ambaye hakukulia pwani: chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja mahali upepo unakotoka. Kinakwenda upande, kisha kinageuka na kwenda upande wa pili, na kugeuka huko ndiko kubisha. Ukibisha mapema unalikosa boya mnalotakiwa kulizunguka, inabidi ubishe tena, na wenzako wamekupita. Ukichelewa unakwenda mbali bure. Mjomba aliamini watoto wote hubisha mapema kwa woga wa kuuacha mji nyuma. Kwa hiyo mpango wake ulikuwa mmoja. Yeye angesimama juu ya jabali mwisho wa ufuko, mahali anapoliona boya vizuri kuliko mimi. Saa ya kugeuka ikifika angenipungia kitambaa chekundu. "Usibishe mpaka uone kitambaa," alisema. Alinisemesha maneno hayo nikiwa nafagia, nikiwa nala, nikiwa napiga mswaki. Nilipolala niliyasikia bado.

Kitambaa chenyewe kilikuwa upande mmoja wa doti ya kanga ya bibi, nyekundu, mpya, ambayo hakuwahi kuivaa. Bibi hakupenda. Alisema kanga haijafuliwa hata mara moja pamoja na mwenzake, kisha mnaitenganisha, mmoja aende baharini mmoja abaki sandukuni. Mjomba alimwambia, mama, itarudi jioni. Bibi akautoa upande ule polepole, kisha akaukunja uliobaki akauweka mapajani.

Asubuhi ya mashindano nilikunywa uji wa mchele, nikambusu bibi mkono. Hakutaka kuja ufukoni. Bahari ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani na joto lilikuwa limeanza mapema mno. Ufuko ulijaa watu, mwalimu akipuliza filimbi ovyo, wavulana wakinikumbusha dingi wangu. Jirani alikuwa ameshawasha moto wake, na moshi wa korosho ulisimama wima, mwembamba.

Tulipokuwa tunasukuma boti majini nikauona moshi ule ukilala. Haukulala upande wa kila siku. Ulilala kuelekea baharini, chini kabisa, kama uliokanyagwa, kisha ukainuka ukasimama tena kana kwamba hakuna kitu. Hakuna aliyetazama huko ila mimi.

"Mjomba," nikasema, "moshi wa jirani..."

Alikuwa anakaza kamba ya tanga, kanga nyekundu shingoni. Alicheka, kwa kuwa neno lilimjia vizuri.

"Mapema hii, unataka kubisha?"

"Hapana, mjomba."

Akaisukuma boti. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana.

Upepo mwepesi ulianza kutoka baharini, nami nilikwenda vizuri, nisikufiche. Niliwaacha wote. Nilikuwa wa kwanza kwa umbali ambao hadi leo naweza kukuonyesha kwa mkono, na jabali nililiona nyuma yangu, na juu yake mtu mdogo amesimama. Kisha upepo ulinipiga kutoka mgongoni, upande wa mji, pale pale moshi ulipokuwa umeonyesha. Mvua ya ghafla ikashuka ikafunika ufuko, jabali, minara, kila kitu. Watoto wengine waligeuza boti kabla haijawafikia. Nilisikia mmoja akiniita kwa jina, sauti ikipasuka. Mikono yangu ilijua la kufanya. Nilikuwa nimelifanya mara mia juu ya mbuzi. Lakini nilitazama nyuma, sikuona kitambaa, nikashika usukani vile vile.

Jirani alinisimulia baadaye kwamba mjomba aliipunga kanga ile tangu tone la kwanza. Aliipunga kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili, akipiga kelele bisha, bisha, hadi sauti ikamkauka. Boti ya waandaaji ilikuwa moja, injini yake ilikohoa ikazima, na watu watano walikuwa wakivuta kamba yake ya kuwashia bila kujua kilichoharibika. Mjomba akashuka jabalini, akachukua mtumbwi wa mtu, akanifuata.

Mimi niliokotwa mchana nje ya mdomo wa ghuba na wavuvi wa nyavu, nikiwa nimekumbatia boti iliyopinduka. Mtumbwi ulionekana kesho yake. Kanga ilionekana siku ya tatu upande wa Kitunda, imenasa kwenye mizizi ya mikoko, nzima, haikuchanika hata uzi. Bibi aliipokea, akaifua, akaikunja pamoja na mwenzake. Kanga ilikuwa imerudi kama alivyoahidiwa.

Tuliweka matanga bila maiti. Kwenye ule mlango maneno ya chaki yalikuwa bado yapo, na watu waliingia na kutoka wakipita chini yake, na hakuna aliyetania. Niliketi pembeni ya bibi nikiwa nimejifunika. Wanawake walikuja mmoja mmoja kunishika kichwa. Walitaka kunifariji, najua. Walisema, mtoto ana adabu huyu. Aliambiwa asibishe, hakubisha.

Siku ile ndiyo niliyoanza kuwa mbishi. Nilimbishia mwalimu aliyesema wasichana hawafai kwenye ufundi. Nilimbishia mama aliyetaka nikaolewe Rondo. Chuoni nilimbishia mkufunzi kuhusu pampu ya mafuta mbele ya darasa zima, na nilikuwa sahihi. Wanaosema nina kiburi hawajakosea. Kila nilichonacho nimekipata kwa kubisha.

Nimerudi kwenye mji ambao hauna hata kimoja katika nilivyokusimulia. Chumba cha mjomba kinauza kava za simu. Ufukoni pamejengwa ukuta, na jabali limemezwa na zege. Jirani alikwisha kufa, korosho zinabanguliwa kwa mashine ndani ya ghala, na hakuna moshi wa kumwambia mtu chochote. Matanga hayashonwi, vyombo vinakwenda kwa injini, na nani anazitengeneza injini? Mimi. Kazi ya mjomba nimeizika kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa cheti.

Nilipokusanya nguvu nikatoka barazani, nikarudi uani. Mwanangu alikuwa bado juu ya mbuzi, mchi mkononi. Hakuna aliyemwambia ashuke. Nikachuchumaa mbele yake nikamsimulia yote, na nikamaliza kwa kumwambia hivi: nimekununulia jaketi okozi, na injini ya boti ya uokoaji nitaikagua mwenyewe, lakini upepo ukigeuka, bisha. Hata nikiwa ufukoni napunga kanga kumi. Hata sasa hivi, ukiona mama kakosea, nibishie.

Akatikisa kichwa kuwa ameelewa. Nikataka kuhakikisha, maana mimi sikubali kazi bila kuijaribu.

"Haya," nikamwambia, "upepo unatoka Kitunda."

Juu ya kichwa chake kanga ilikuwa ikipepea kuelekea Kitunda. Aliinua macho akaitazama. Nilimwona akiiona. Kisha akayashusha macho, akaushika mchi vizuri kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mama," akasema.