Mianzi Nyuma ya Jiko

Juzi nilipita kwetu, Bujumbura, kando ya mto Ntahangwa, nikakuta mianzi imesongamana hadi mto wenyewe hauonekani. Jiko la mama liko palepale, linanukia moshi na ndagala, dagaa wa ziwani.

Nilikuwa mdogo mchana ule baba na majirani walipoipanda mianzi hiyo. Mvua ilikuwa imeshaondoka na choo cha Mama Zuhura, jirani yetu, na sasa ukingo wa bonde, ukizidi kumomonyoka, ulikuwa unakaribia jiko letu. Baba alisema miche ile itazuia udongo. Niliitazama: vijiti vyembamba, vyenye majani mawili matatu, vinatikisika. Na milimani mawingu yalikuwa yanajikusanya. Sikujua kwamba mizizi huhitaji miaka. Nilidhani kazi inaanza jioni ileile, basi nikapiga magoti, nikaukandamiza udongo wenye ubaridi kwa viganja vyote viwili, niusaidie mche mmoja.

"Huyu anapanda vidole vyake!" Mama Zuhura alicheka.

Wengine wakaenda kunawa. Nikabaki, viganja vingali udongoni, nasikia mto ukivuma chini. Baba akaja, akachuchumaa kando yangu. Yeye hakucheka.

"Achilia kidogo, mutoto yangu, tuone kama itaweza yenyewe."

Nikaondoa mkono mmoja.