Dhahabu ya Gundi ya Kope

Dhahabu ninayobandika saluni kwangu Mwembesongo haijawahi kuuona mgodi, na wateja wangu wanalijua hilo vizuri sana mpaka siku ya harusi. Siku hiyo wanasahau. Bibi harusi ananyoosha mkono kwenye kiti, nikimaliza anaugeuza huku na huku, basi hapo hapo anaanza kunisemesha kama vile nimeajiriwa kwake kumpikia. Mmoja wa Gairo, mwenye biashara ya karanga, aliniuliza kama tatuu ikibanduka anaweza kuitunza kwenye kopo. Nikamwambia aitunze tu, ikipanda bei anishtue.

Tatuu za dukani zinakuja kwenye karatasi. Nilipoanza kazi hii nilizibandua kadhaa nione zimetengenezwaje, maana kitu nisichokielewa kinanikera. Hakuna maajabu. Karatasi imepakwa utelezi unaoachia ukipata maji. Juu yake wanachapa picha kinyume, kama unavyoiona kwenye kioo, wanaweka utando wa alumini uliopakwa rangi ya njano, wanapaka gundi, wanafunika na plastiki. Wewe unabandua plastiki, unalaza karatasi kwenye ngozi, unakandamiza kwa kitambaa chenye maji, unahesabu mpaka thelathini, unavuta. Umeshakuwa tajiri. Ubaya wake ni michoro: manyoya ya ndege nisiowajua, maandishi ambayo hata muuzaji hajui yanasema nini, na nanga za meli. Nanga, Morogoro, mji ambao maji yake makubwa ni Bwawa la Mindu.

Nikaamua kutengeneza zangu. Michoro naikata kwa wembe kwenye picha za eksirei zilizokwisha kazi. Goti la mama mkwe wangu limeshapamba maharusi wengi, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuiona kwenye lile goti. Naweka eksirei kwenye ngozi, napaka gundi ya kope bandia kwenye matundu, naiondoa, nasubiri gundi iache weupe ianze kunata. Hapo nalaza foili, ile karatasi ya dhahabu wanayotumia wachapaji wa kadi za harusi, nasugua kwa kidole, navuta. Dhahabu inabaki penye gundi tu. Sheria ni moja: ngozi iwe kavu, isiwe na mafuta hata tone. Mteja akija amejipaka losheni namfuta na spiriti mpaka ananuna.

Sasa niseme kilichonipeleka mlimani na mkoba wangu wa gundi. Dada yangu mkubwa anaishi kijijini kwetu, juu ya Mkuyuni. Mwaka juzi binti yake alimaliza kidato cha nne, na badala ya kumwacha akae anasubiri matokeo huku anachezea simu, wakamweka ndani awe mwali. Yaani akae chumbani na kungwi, afundishwe mambo ya wanawake, kisha atolewe nje kwa ngoma, kijiji kizima kimwone.

Mimi sijachezwa, yaani sijawahi kuwekwa ndani na kutolewa hivyo. Nilipovunja ungo nilikuwa Dar es Salaam kwa shangazi, na shangazi aliniona wa kuosha vyombo, hakuniona mwali. Niliporudi wakasema wakati umepita. Kwetu Uluguruni mwanamke ambaye hajachezwa ni mtoto, hata awe na wajukuu. Msibani, harusini, popote, wanawake wakiingia ndani kuongea yao, kuna mmoja atashika mlango, ataniangalia kwa huruma ya uongo, atasema, "Wewe mwenzetu kaangalie sufuria." Mwaka huo nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na nadhani hakuna mtu tarafa nzima aliyeangalia sufuria nyingi kuliko mimi. Nasimulia nikicheka, lakini liliniuma, na linauma mpaka leo nikilikumbuka.

Kwa hiyo dada aliponipigia kuomba nimpambe mwali, nilikubali kabla hajamaliza. Nilijua hakuna mpambaji mwingine wa dhahabu mpaka huko juu. Nikajisemea, safari hii mtanifungulia mlango wenyewe.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Mlangoni nilimkuta kaka yetu, ambaye ni katekista na ana kipara kinachong'aa bila msaada wangu. Kabla sijamaliza shikamoo alishaanza kunihubiria kwamba dhahabu ni majivuno. Ndani alikuwepo kungwi, bibi mmoja wa ukoo wetu, mwembamba, mwenye macho ya kukagua nyanya sokoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Utaingia, utabandika, utatoka. Usiulize kitu."

Nikaingia. Nilimfuta mwali kwa spiriti toka shingoni mpaka vidoleni, nikamkausha, nikaanza. Sikuweka nanga. Niliweka majani ya iliki mabegani, maua ya mgomba mikononi, na kifuani mkufu mzima wa punje ndogo ndogo uliokula saa nzima. Kungwi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananitazama midomo ameikunja. Mwali akajitazama, akaninong'oneza, "Mama mdogo, nimekuwa kama kikombe cha mashindano." Nilipomaliza nikajifanya kupanga brashi zangu taratibu, moja moja, labda nitasahauliwa mle ndani.

"Umemaliza?" kungwi akauliza.

"Nimemaliza, bibi."

"Haya. Kaangalie sufuria."

Na mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilikaa jikoni na ubwabwa wa watu, nimevimba kwa hasira, najiambia subiri watoke nje waone kazi yangu, wataona aibu.

Ngoma ikalia. Kaka, kwa kuwa yeye ndiye mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, akachuchumaa uani ili mwali akalishwe mabegani. Mwali akaletwa amefunikwa khanga gubigubi, akapandishwa, mjomba akasimama, khanga zikateremshwa mpaka chini ya mabega. Binti aling'aa, tena sana. Nikasogea nione vizuri, nikanusa harufu. Walikuwa wamempaka mafuta ya nyonyo. Walimpaka juu ya dhahabu yangu, toka utosini mpaka kwenye kucha, mafuta ya kutiririka.

Mwali akitolewa hucheza kwa mabega. Akatingisha mara ya kwanza, jani la iliki likashuka mpaka kwenye kiwiko. Akatingisha tena, mkufu wa saa nzima ukakunjamana kama maziwa yaliyoganda. Mjomba akaanza kuzunguka uwanja, na mwali, ili asianguke, akamshika kipara kwa mikono miwili. Alipoiondoa mikono kutingisha, maua ya mgomba hayakuondoka nayo. Mzunguko wa pili katekista wetu alikuwa amevaa taji. Vigelegele vikageuka vicheko, yeye akadhani anashangiliwa, akazidi kurusha miguu. Kesho yake alisoma somo kanisani na ua moja likiwa bado limeng'ang'ania juu ya sikio.

Mwali hatakiwi kucheka. Anatakiwa atazame chini, uso ameufunga. Mtoto wa watu alitii, akatazama chini, na chini ndipo kilipokuwa kipara. Akacheka mpaka akashika tumbo. Dada yangu akanigeukia, akanikata jicho. Wanawake wakaanza kunong'ona, na nilisikia wazi kabisa mmoja akisema, "Si ndiyo faida ya kumwita mtu ambaye hajachezwa."

Nilimfuata kungwi mpaka nyuma ya nyumba, hata heshima nilikuwa nimeiweka pembeni.

"Bibi, kwa nini hukuniambia kuna mafuta?"

"Kila mwanamke anajua mwali anapakwa mafuta."

"Mimi sijui."

"Ndiyo," akasema. "Hujui."

Basi nikalia. Sikulia kwa staha, nililia kwa makamasi. Nikamwambia, "Mmenitoa nje miaka yote hii, halafu leo mnanicheka kwa jambo mlilonificha wenyewe. Ningeuliza, ungenijibu?" Nikataka kufuta machozi nikashindwa, maana vidole vyangu vilikuwa vimegandana kwa gundi, na dhahabu imenijaa mpaka kwenye viganja. Tangu asubuhi nilikuwa sijanawa, nilikuwa nasubiri sifa.

Bibi akanishika mkono, akaugeuza kama anavyogeuza nyanya.

"Gundi hii inatoka kwa kitu gani?"

Sikutaka kusema. "Kwa mafuta," nikasema.

Akashusha pumzi, akanivuta mpaka kwenye kile chumba, akafunga mlango. Mkeka wa mwali ulikuwa bado pale, na bakuli la nyonyo lilikuwa limebaki nusu. Akanikalisha. Akachota mafuta, akaanza kunisugua kidole kimoja kimoja, na dhahabu ikawa inaviringika na kudondoka kwenye mkeka vipande vipande.

"Usije ukadhani umechezwa," akasema. "Nakutoa gundi."

"Sijadhani, bibi."

Alimaliza vidole, akaja viganja. Kisha akachota tena, akapanda mikononi, akafika kwenye viwiko, ambako hakukuwa na gundi hata chembe, na hakuacha. Alifika mabegani. Mimi niliogopa hata kukohoa.

Mlango ukagongwa. Sauti ya mwanamke ikaniita kwa nje, ikasema ubwabwa unaungua na niliyeachiwa jiko ni mimi.

Bibi hakugeuka. Alikuwa ameshika bega langu la kushoto.

"Ana kazi huku," akasema. "Sufuria aangalie mwingine."