Vifuniko Vilivyotangulia Masufuria

Juma lililopita mtoto wa dada yangu aliniita dukani kwake, hapa hapa mtaani kwetu Mangobo, nimsaidie kufungua mizigo yake iliyotoka China. Ilikuja kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa malori yaliyopigana na matope mpaka kwetu. Akapasua katoni la kwanza kwa kisu, na ndani mkatoka mabeseni ya plastiki pamoja na ile harufu kali ya vitu vipya. Nikajikuta nimeinamisha pua ndani ya katoni, natafuta harufu nyingine kabisa. Akacheka: "Mama mukubwa, unatafuta nini mule ndani? Panya?"

Nilikuwa natafuta harufu ya majani makavu. Sikujua nimweleze vipi, ndiyo maana nimekaa kuandika. Kalamu si rafiki yangu, shule niliiacha mapema, na yaliyopita huwa nayachanganya. Dada yangu akisoma haya atasema sivyo, na pengine haki iko kwake.

Ilikuwa baada ya dipanda, uhuru wetu. Papa, baba yetu, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika duka la Mgiriki mmoja karibu na bandari ya mto. Vurugu zilipoanza, Mgiriki akafunga duka na kurudi kwao. Lazima niseme ukweli, huyo mtu hakuwa mbaya. Kabla ya kuondoka alimwachia papa kitabu cha picha za bidhaa na anwani ya kiwanda cha Ulaya kilichomletea vyombo. Papa akaona mlango umefunguka. Akafungua kiduka chetu mbele ya nyumba, cha mbao na bati, na akaamua kuagiza mwenyewe, bila kupitia kwa mzungu yeyote.

Kuchagua kulichukua muda mrefu kuliko kuposa. Jioni wanawake wa jirani walikuja kukaa uani, moto ukiwaka, mama akiponda ndizi zilizochemshwa kuwa lituma na mimi nikipepea makaa. Kile kitabu kilipita mikononi mwao wote. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, aliwafukuza wenye vidole vya mafuta ya mawese. Mwishowe wakakubaliana: masufuria meupe yanayong'aa kama yai, yenye mdomo wa buluu na vifuniko vyake. Mwalimu wa shule yetu akaandika barua kwa Kifaransa. Papa akauza baiskeli, mama akauza cherehani yake, na barua ikaondoka na vyote tulivyokuwa navyo.

Mama hakuficha kitu. Alituambia watoto waziwazi: mzigo ukikosa kuuzwa, duka litafungwa, papa atakwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya kampuni upande wa Opala, na sisi tutapelekwa Basoko kwa ndugu zake mama. Basoko naipenda, samaki wake wananona. Lakini sikutaka kwenda kuishi huko bila papa.

Tukangoja. Watoto wa siku hizi hawajui kungoja kule. Meli ya mto ikipiga honi mbali, mtaa mzima ulisimama. Mwenye kutwanga aliacha mchi hewani. Tuliijua kila meli kwa sauti yake, au tulijidai kuijua.

Siku mzigo wetu ulipofika, papa aliagiza masanduku yaletwe uani bila kufunguliwa. Kwetu ndiyo desturi: mfanyabiashara hufungua mzigo mbele ya watu. Akifungua peke yake, wanasema ameficha vile vizuri kwa ajili ya ndugu zake. Basi uani palijaa. Masanduku yalikuwa mengi kuliko tulivyotumaini, na Koko alipiga vigelegele. Papa akang'oa misumari ya kwanza. Yakatoka majani makavu, membamba, yenye harufu ya shamba la nchi ya baridi, na sisi watoto tukayarukia. Chini yake, vifuniko. Sanduku la pili, vifuniko. La tatu, vifuniko. Vyote vyeupe, vyote na mdomo wa buluu, vizuri ajabu.

"Alors, masufuria iko wapi?" akauliza mwanamke mmoja.

Papa aliendelea kufungua mpaka sanduku la mwisho, na mimi nilimwona masikio yake yakibadilika rangi.

"Bon," akasema jirani yetu fundi wa nguo, ambaye hakuweza kukaa na utani tumboni, "leo tutapika ndani ya bifuniko. Papa Bifuniko, atatufunika wote!"

Watu wakaangua kicheko. Jina lile lilibaki. Mimi nami niliitwa mutoto wa bifuniko hata shuleni.

Baadaye ndipo tulipofahamu. Kiwanda hufunga vifuniko peke yake na masufuria peke yake. Ndugu mkubwa wa papa, tonton wetu, alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini Leopoldville, Kinshasa ya sasa. Meli ilikuwa na nafasi ndogo, akaambiwa achague masanduku yatakayotangulia. Akachagua mepesi, ili yaingie mengi. Aliwaza mdogo wake atafurahi akiona mengi yakishuka. Sijawahi kuweza kumlaumu. Ni kosa la mtu anayependa. Masanduku mazito yangekuja na meli ifuatayo.

Meli ifuatayo haikuja. Waasi waliingia mjini, na mto ukafungwa. Ya siku zile siandiki mengi. Niliyaona kwa urefu wa mtoto, na pande zote zilikuwa na watoto wa watu. Niseme tu kwamba chumvi ilipotea, chakula kikabaki sombe, yaani majani ya muhogo, na duka letu likawa na vifuniko mpaka darini.

Koko alitaka viuzwe hata kama sahani. Papa akakataa.

"Mama, nitamuuzia mutu nusu ya kitu? Masufuria ikifika, nitauza namna gani bila bifuniko?"

"Wewe linda heshima," Koko akamjibu. "Sisi tutakula heshima na sombe."

Wokovu, kama ni neno lake, ulikuja kwa mzaha. Mama mmoja muuza mchele sokoni aliibiwa kopo lake la kupimia. Akapita kwetu akicheka: "Papa Bifuniko, niazime kimoja, nikapimie watu kicheko." Koko akampa kabla papa hajafungua mdomo. Kifuniko kile kilikuwa kirefu kiasi, kama bakuli. Ukikigeuza ukashika kishikio chake chini katikati ya vidole, kinajaa mchele vizuri mpaka kwenye mdomo wa buluu.

Sasa, lazima ujue masoko yetu. Kila mwanamke alikuwa na kopo lake, na kila kopo lilikuwa na siri: chini limebondwa ndani, au limewekwa nta. Ugomvi wa vipimo ulianza asubuhi na kumalizika jua likizama. Lakini bati la kifuniko kile huwezi kulibonda bila rangi yake kubanduka, na kila mtu ataona. Wanunuzi wakamjaa yule muuza mchele. Wenzake wakanuna siku chache, kisha wakaanza kuja kwetu mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu.

"Papa, ile kitu yako ya kucheka, iko bei gani?"

Papa alivuta ncha ya sikio lake, nakumbuka. Halafu akasema atauza, ila kwa sharti: atakayechukua kifuniko leo, sufuria lake likifika atalinunua yeye kwanza, na hatauziwa mwingine. Fundi wa nguo akapaza sauti: "Papa Bifuniko, na mimi niposee sufuria!" Lakini safari hii hata papa alicheka.

Hivyo tulikula. Haikuwa neema, nisidanganye, siku nyingine ilikuwa sombe bila chumvi. Lakini duka lilibaki wazi, na mjini kote watu walisema "kifuniko cha mchele", "kifuniko cha karanga", na chumvi ilipopatikana kidogo ilipimwa kwa kifuniko pia, bila kelele.

Vita vilipotulia, mto ukafunguka. Tonton alikuja na masanduku mazito yeye mwenyewe, amekonda, akayakalia njia nzima kama kuku juu ya mayai. Baadhi ya masufuria yalikuwa yameshika kutu. Siku ya kuyafungua, wanawake walikuja na vifuniko vyao vichwani, wengine kwa mtumbwi. Kila mmoja alijaribu chake juu ya sufuria, akasikiliza kikikaa, tak, akacheka. Wako waliokuja kurudisha kifuniko cha jirani aliyekufa, ili watoto wake wapate sufuria. Papa aliwapa. Sikumbuki kama alidai kitu. Nadhani hapana, lakini simwekei sifa ambazo sikuziona.

Sasa Koko hayupo, fundi hayupo, papa na tonton wamezikwa. Mto una meli chache, na honi zao hakuna anayezisimamishia mchi. Sokoni kila mtu amerudi kwenye kopo lake na siri yake. Mtoto wa dada yangu anaagiza kwa simu kutoka kwa watu asiowajua, na anafanya vizuri. Mimi ndiye nisiyeelewa.

Najiuliza kama hadithi hii ina thamani kwa mtu asiye wa ukoo wetu. Watoto wengi wa rika langu, miaka ile iliwapeleka kwingine: Opala, Basoko, msituni, au mahali ambapo hakuna anayerudi. Mimi sikupelekwa popote. Kila asubuhi nilisikia papa akiondoa komeo la duka, akikohoa, akimsalimu wa kwanza kupita. Nilikua nikiisikia sauti ile, na wakati ule sikujua kwamba ilikuwa mali.