Msimu Ambao Injini Haikuharibika

Kipa wa Ziwani alilala. Hakuzimia, hakupigwa kiwiko, wala hakurogwa kama wengine walivyodai baadaye. Alilala usingizi wa kawaida, amesimama, bega limeegemea nguzo ya goli, na Rumonge nzima inamtazama. Mpira wenyewe ulikuwa wa aibu. Mchezaji wa Kabezi aliupiga kutoka mbali ili tu apate kupumua, ukadunda, ukajikokota, ukapita karibu na kiatu cha kipa na kuingia wavuni. Hata aliyeupiga hakushangilia. Alisimama akashika kichwa.

Mzee Waziri alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya mstari, pale ambapo hakuna mwingine anayethubutu kukaa. Katika uwanja huo ameona mengi. Ameona refa akikimbizwa mpaka barabarani, na ameona mbuzi akikatiza na kuzuia goli la wazi. Lakini kipa kulala? Makubwa! Kipa mwenyewe, kijana Jafari, alizinduliwa na kimya cha watu. Akaangalia huku na huku, akauona mpira nyuma yake, akaketi chini na kulia.

Kwa goli hilo Ziwani ilibakiwa na mechi moja ya kujiokoa, dhidi ya Nyota ya Kizuka, Jumapili iliyofuata. Ikishinda, inabaki. Isiposhinda, inashuka daraja, jambo ambalo halijawahi kuipata tangu marehemu baba yake Waziri alipowakusanya wavuvi wake, akawavalisha fulana za buluu na kusema hii sasa ni timu. Waziri alirithi vyote viwili, mitumbwi na timu, na ukimuuliza kipi anakipenda zaidi atakukasirikia.

Hata kuajiri anaajiri kwa namna yake. Ukienda kwake kuomba kazi ya kuvua ndagala, yaani dagaa, hakuulizi kama unajua kuogelea. Anakusimamisha mchangani na kukurushia mpira. Ukiutuliza kwa kifua, umepata kazi. Ukikupiga usoni, nenda ukajaribu bahati kwa matajiri wengine. Ndiyo maana pwani yote ya Rumonge inajua kwamba wavuta nyavu wa Waziri na wachezaji wa Ziwani ni watu walewale. Yeye mwenyewe hulisema hilo kwa majivuno, akijipiga kifua.

Sasa, msimu huo ulianza na misiba miwili. Rachid, mshambuliaji wa Ziwani, aliyekuwa pia fundi wa injini moja inayokokota mitumbwi yote ya Waziri, alichukuliwa na timu moja ya Kigoma. Wiki hiyohiyo Juma, kipa wa Nyota, mikono kama nyavu, alichukuliwa na timu ya Bujumbura. Mji ukagawanyika kwa ubishi: nani amepata hasara kubwa zaidi? Waziri alisema ni Nyota, maana timu bila kipa ni nyumba bila mlango. Akacheka sana. Miezi ikapita, Nyota ikapanda mpaka nafasi ya tatu, Ziwani ikaporomoka mpaka mkiani, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Alitafuta mchawi, akampata kocha. Aruna, fundi cherehani mpole, aliyeifundisha Ziwani kwa mapenzi tu, alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja kwamba vijana wamechoka. Waziri hakutaka kusikia. Uchovu gani kwa watu wa umri ule? Yeye enzi zake alivua usiku na kucheza mchana! Basi siku ile ya kipa kulala, mechi ilipokwisha, alimfuata Aruna mbele ya wachezaji wote na kumfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aruna alikusanya koni zake, akasema "Murakoze," yaani asante, akaondoka. Wachezaji walitazama chini. Hakuna aliyetia neno, kwa sababu kwa Waziri anayesema amechoka hupoteza nafasi yake mtumboni.

Kesho yake Waziri alikwenda sokoni kwa Mama Hadjara. Alijua anakwenda kuchomwa, lakini utani wa Ziwani na Nyota haukimbiwi. Mama Hadjara ana kinu cha kukamulia mawese kule Kizuka na meza ya kuyauzia sokoni Rumonge, na ndiye sauti kubwa ya Nyota. Kuna desturi baina yao. Msimu ukiisha, mkubwa wa timu iliyo chini hujitwisha bidhaa ya mwenzake kichwani kutoka uwanjani mpaka sokoni, watu wakimwimbia. Mara mbili Hadjara amebeba beseni la ndagala, mchuzi wa samaki ukimtiririkia shingoni, na hajasahau.

"Karibu, muzee," alisema huku akifuta dumu la mawese. "Kuya ujaribu hii bido, uone kama inakaa muzuri ku kichwa. Na kipa yako amesha amuka?"

"Acha, Hadjara. Leo acha."

Aliposikia sauti ile, Hadjara aliuweka utani pembeni. Akamsogezea kigoda na chai.

"Niambie kitu moja tu," alisema Waziri. "Siye tulipoteza Rachid, nyiye mulipoteza Juma. Sawasawa. Kwa nini nyiye munapanda?"

"Siye tulikaa chini tukajiuliza, Juma alikuwa anafanya nini zaidi ya kudaka? Tukaona alikuwa anasema. Dakika yote anapiga kelele, weye rudi, weye kamata ule. Kipa mupya anadaka muzuri, lakini ni bubu! Tukamupa beki mumoja kazi ya kupiga kelele. Njo ile tu." Akamtazama. "Na Rachid? Alikuwa anafanya nini zaidi ya kufunga?"

"Rachid?" Waziri alitoa kicheko kikavu. "Zaidi ya kufunga, alikuwa anaharibu injini yangu! Kufunga anajua, lakini ufundi, hapana. Posho moja, posho mbili, injini inakataa. Mitumbwi ya taa inalala ku mucanga, bavuvi banaenda kulala kwabo, miye ninalia. Tangu alienda, nilipata fundi wa Nyanza-Lac. Injini haijaharibika hata mara moja! Hata siku ya posho moja..."

Posho, kwa watu wa huko, ni Jumamosi. Kikombe cha Waziri kilikuwa kimefika nusu ya njia, kikabaki hewani.

"Siku ya posho," alirudia Hadjara polepole. "Na mupira iko siku ya mungu."

Waziri alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Kupoteza kwa Nyanza-Lac, injini nzima, ndagala tele. Kupoteza nyumbani, injini nzima. Kushinda mara chache, lini? Mara zote mbalamwezi ilikuwa kali, siku ambazo taa za wavuvi hazina kazi mbele ya mwanga wa mwezi na mitumbwi hukaa. Alitoa simu yake yenye sauti kubwa, akapiga.

Rachid alipokea kwa furaha. "Asalamu aleikum, muzee wangu! Amahoro?"

"Rachid, usinidanganye. Ile injini. Ilikuwa na ugonjwa gani?"

Kule Kigoma kijana akakohoa. "Muzee, unisamehe. Injini ilikuwa muzima. Nilikuwa ninatoa buji siku ya posho, ninatia mu mufuko ya kaputula. Mupira ikiisha, ninairudisha." Akaongeza, kama mtu anayeona bora amalize: "Goli ya Nyanza-Lac ile, ulinibeba ku mabega, buji ilikuwa mu soksi."

Mama Hadjara alijiziba mdomo kwa kitenge. Buji! Kidude kisichozidi kidole, kile kinachotoa cheche ya kuwashia injini. Waziri alikumbuka jinsi alivyomtukana kijana yule mbele ya watu, mvivu, fundi wa uongo, na kijana akiinamisha kichwa na kusema ndiyo muzee. Kisha siku ya pili anamfungia magoli mawili na yeye Waziri anacheza ngoma. Msimu baada ya msimu!

"Kwa nini haukuniambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuambia, muzee. Mwaka wa kwanza. Nilisema batoto banachoka, siku ya posho batulie. Ulinijibu, mupira haipikwe mu sufuria."

Alikumbuka. Ndiyo, alilisema, tena watu walicheka na yeye akafurahi kwamba wamecheka. Aliweka simu mezani kama kitu cha moto. Alikuwa ameshtuka kama mtu aliyesikia mwizi usiku, akakamata rungu, akapiga, kisha akawasha taa akajikuta amempiga mwanawe. Aliona haya, na haya ile ilimuuma mpaka mbavuni. Msimu mzima amemtafuta adui wa Ziwani. Amemlaumu refa, amelaumu nyasi, amemfukuza Aruna. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Weye unasema enzi yako ulivua usiku, ukacheza muchana," Hadjara alisema, lakini kwa upole. "Muzee, enzi yako ulikuwa ku benchi. Miye nilikuwa ninakuona. Ulikuwa unalala."

Jumamosi ilifika, na kwa kisirani cha mambo ilikuwa giza la mwezi. Ndagala walikuwa wamekaribia pwani kwa wingi usioonekana tangu mvua zianze. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, vijana wakipakia taa na nyavu, Jafari akiwa na macho mekundu kama pilipili. Mitumbwi ya matajiri wengine ilikwisha kung'oa nanga. Fundi wa Nyanza-Lac alishika kamba ya injini.

"Acha," alisema Waziri.

Aliingia majini na kanzu yake mpaka magotini, akafunua kifuniko cha injini, akahangaika, akachafuka mafuta, maana hakuwahi kufanya kazi ile. Fundi alitaka kumsaidia, akakataliwa. Hatimaye akaichomoa buji na kuiinua juu. Vijana walitazamana. Mmoja alidhani mzee ameingiwa na wazimu, akarudi nyuma.

Waziri aliwapita wote. Alimwendea Aruna, ambaye alikuwa amesimama mbali, kwa kuwa alitumiwa ujumbe aje bila kuelezwa sababu. Akamkamatisha buji mkononi, na mkono ule akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Nilikukosea," alisema, wote wakisikia. "Nilikukosea sana, na Rachid naye. Kila posho iyi kitu itakaa kwako. Nikikuomba, unikatalie. Na nyiye, muende kulala!"

Hakuna aliyesogea. Walishtuka kuliko siku ya kipa. Ndipo Jafari akaacha wavu aliokuwa ameushika, akageuka na kutembea kuelekea nyumbani haraka haraka, kama anayeogopa tajiri atabadili mawazo, na wengine wakamfuata.

Jumapili Rumonge iliona kitu ambacho wengi walikuwa wamekisahau. Ziwani walikimbia. Walikimbia kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili wakakimbia zaidi, wakapata goli, wakakosa mengine kwa kukosa mmaliziaji kama Rachid. Nyota walipigwa na butwaa. Lakini timu iliyo nafasi ya tatu haikufika pale kwa bahati. Karibu na mwisho wakasawazisha, kisha wakapata penalti. Mpigaji aliupeleka pembeni, chini, mahali pabaya. Jafari, macho makavu na makubwa, aliruka akaufuata, akautoa kwa ncha za vidole. Uwanja ulilipuka. Watu wa Nyota wenyewe walimpigia makofi.

Refa akapuliza. Goli moja kwa goli moja. Sare haikutosha, na Ziwani ikashuka daraja.

Waziri aliketi kwenye kiti chake cha plastiki na machozi yakamtoka hadharani, mtu mzima, bila kuyafuta. Kama wangekuwa mkiani kwa sababu hawajui mpira, asingelia hivyo. Wachezaji walilala chali kwenye nyasi, Aruna akipita kuwainua mmoja mmoja.

Mama Hadjara alikuja na dumu lake la mawese, na nyuma yake kundi la waimbaji. Lakini hakuanza wimbo. Alikuwa bado anaangalia uwanja, uso umejaa mshangao wa kweli.

"Muzee," aliuliza, "bale batoto balikuwa wapi mwaka muzima?"

Waziri aliinuka, akakunja kitambaa, akakiweka kichwani na kuinama ili atwishwe.

"Mu mutumbwi yangu," alisema.

Dumu likawekwa. Akatembea nalo mpaka sokoni, mafuta mekundu yakivujia kanzu, na njiani kila aliyekuwa uwanjani alimuuliza swali hilohilo. Alisimama kwa kila mmoja, akajibu.