Kidole na Vidonge Alivyoviacha

Walimwita Kidole kwa sababu, katika miaka yake yote ya udobi, hakuwahi kuiamini taa ya pasi. Alilamba ncha ya kidole, akaigusa pasi, chwii! kisha akatoa hukumu: "Bado," au "Tayari." Wateja walicheka, lakini shati lao halikuungua.

Basi malengelenge yalipomtoka kifuani, alisema ni mvuke, akapaka mafuta. Lakini mvuke hauingii kinywani, na kinywa chake kilikuwa na vidonda hata maji yalimchoma. Siku moja alijifuta jasho shingoni, ngozi ikabaki kwenye taulo. Alisimama akiitazama.

Hospitalini walikata kipande kidogo cha ngozi, wakakipima.

"Mama, haya hayaambukizi," daktari alimweleza. "Kinga ya mwili wako, badala ya kupiga vijidudu, inakata nyuzi zinazoshikanisha ngozi yako."

Akampa vidonge vya kuituliza kinga hiyo. Vikamvimbisha uso.

"Dada, mashavu hayo umeazima kwa nani?" mdogo wake alimtania.

"Kwa shemeji yako wa kwanza. Alikuwa nayo ya ziada."

Ngozi ilipokauka, Kidole akaamua kidobi: doa likishatoka husugui tena, utatoboa nguo. Akaviacha vidonge vyote kwa mpigo, kimyakimya.

Haikupita wiki mbili, akawa anatapika, kichwa kinamzunguka. Malengelenge yakarudi, safari hii hadi mgongoni, na shuka ikamganda mwilini. Mdogo wake alimkuta hawezi kuinuka.

"Umeviacha?" daktari aliuliza. Kidole akainamisha macho. "Ungekufa, mama. Mwili ukizoea vidonge hivi, husahau kujitengenezea homoni yake ya aina hiyo. Hupunguzwa kidogo kidogo, na hilo ni juu yangu, si juu yako."

"Nikivimeza vizuri, ugonjwa hautarudi?"

Daktari hakumdanganya. "Unaweza kurudi. Ukiona lengelenge moja tu, njoo."

Jibu hilo alirudi nalo nyumbani kama mgeni asiyeaga. Kila asubuhi humeza vidonge vyake baada ya kula, kisha hujikagua kwenye kioo, akiogopa atakachokiona. Shingo huikausha kwa kuigusagusa, hathubutu kuisugua.

Leo, kwa mara ya kwanza tangu augue, ameomba foronya moja tu ya kupiga pasi. Mdogo wake ameitandaza mezani, akasogea kando. Kidole anaipitisha pasi polepole, na kila mkono unapokwenda anasikilizia kwapani iwapo ngozi itateleza. Haijateleza. Anageuza upande wa pili, anamalizia pembe, anaikunja mara nne, anaiweka kwenye rafu.