Ekari Tatu Ubaoni

Kifuta machozi cha laki tatu kilinigharimu laki tatu na elfu ishirini, na beberu mmoja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili beberu alikuwa bado mmoja, ila nilimkumbuka mnene zaidi.

Mvua ziliposhusha matope kutoka Mlima Meru, shamba langu lilifukiwa lote, mahindi na maharage. Serikali ikaahidi laki moja kwa kila ekari iliyoharibika. Afisa kilimo akaja na pikipiki na daftari. Mipaka haikuonekana, hivyo akawa anauliza tu.

"Mzee, lako ekari ngapi?"

Mimi nauza mitumba mjini, sokoni Kaloleni. Sijawahi kutaja bei ya kwanza nikategemea mtu aikubali. "Tatu," nikasema, nikisubiri acheke, ataje nusu, nikasirike kidogo, kisha tukutane kwenye moja, ambayo ndiyo ya kweli.

Akaandika tatu. "Anayefuata!"

Ningeweza kumwita. Sikumwita.

Fedha ziliingia kwenye simu. Wiki iliyofuata orodha ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: jina, ekari, kiasi, muhuri. Uwazi, walisema. Kijiji kizima kikaja kusoma, na sikuona aliyeanza na jina lake. Kabla sijafika nyumbani nilishakuwa tajiri. Mama mmoja wa kwaya akaniletea kadi ya mchango wa harusi ya watu nisiowajua hata kwa sura.

"Usiseme huna, baba. Tumesoma."

Michango ya namna hiyo, pamoja na nauli za kupanda na kushuka, ikala laki moja na elfu ishirini.

Hayo ningeyavumilia. Aliyeninyima raha ni kaka yangu. Baba alituachia ekari tatu, yeye mbili, mimi moja. Hati hatuna. Mpaka wetu ulikuwa mstari wa masale, mimea tunayopanda mipakani, nao sasa ulikuwa chini ya matope. Kaka aliandikwa mbili zake, mimi tatu, kwa hiyo kwa hesabu ya ubao mafuriko yalikuwa yametuongezea ardhi. Kaka hakucheka.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. "Umeandikisha shamba lote la baba."

"Kaka, ile ilikuwa bei ya kuanzia tu."

"Ya kuanzia! Nikifa kesho, wanangu wataonyesha nini? Wewe una karatasi ya serikali, wao wana matope."

Nilijibu kwamba siitaki ekari yake hata moja. Akasema hata mwizi wa ng'ombe husema hivyo, hasa akiwa ameshika kamba.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba nipunguziwe. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mzee, wanaotaka kuongezewa nina faili zima. Wa kupunguziwa ni wewe peke yako. Leta barua, na unayepakana naye aisaini."

Ninayepakana naye ndiye huyo huyo asiyeitikia shikamoo. Basi nikapanda kwake na beberu mkono mmoja, jani la isale mkono wa pili. Kwetu Wameru, aliyekujia na isale humfukuzi. Kaka alilipokea jani, akampapasa beberu mgongoni, kwa utaratibu, mpaka mkiani.

"Isale linasamehe," akasema. "Halifuti muhuri. Kaa hapo uandike, mimi nasoma."

Shemeji akaleta chai. Mara tatu kaka alinifanya nianze upya, maana niliweka maneno mengi ya kujitetea. Hii ndiyo aliyokubali kuisaini:

"Ndugu Mtendaji, shamba langu ni ekari moja. Ekari mbili zinazofuata, upande wa juu, ni za kaka yangu na wanawe, na sina dai juu ya ekari hizo. Nilipokea laki mbili zisizo zangu. Naomba unielekeze nizirudishe kwa nani, na kwa njia gani. Naomba pia barua hii ibandikwe ubaoni, juu ya ile orodha, na igongwe muhuri."